Jedwali moja la sambaza, majibu manne ya modi. Lipi niandike?

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Habari zenu wakubwa. Namalizia TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) juu ya urefu wa sambaza, wale samaki wadogo wanaoshushwa asubuhi huku kwetu kando ya ziwa Kivu. Nimepima kwa milimita, nikawapanga katika klasi za upana wa 10. Namba hizi nimezigeuza ziwe kwa kila samaki 100, ili mtu aweze kufuata hesabu hata kama ana simu peke yake:

40–50: 6
50–60: 14
60–70: 30
70–80: 24
80–90: 16
90–100: 10

Klasi yenye wengi ni 60–70, hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye modi yenyewe, yaani urefu unaotokea mara nyingi kuliko yote. Msimamizi wangu anasema ni 65. Asistanti wake anasema 67,3. Katika silabasi (kitini cha kozi) ya kaka yangu kuna fomula inayotoa 66,3. Jirani anayesoma ekonomia kaniletea 68, na hata hakuigusa klasi ya 60–70. Jedwali ni lile lile! Juri wakiniuliza modi ni ngapi, nijibu nini na nijitetee vipi?

Katuba_Math (Lubumbashi)

Mdogo wangu, shika ya asistanti. Fomula ni hii:

Modi = L + c × d1 / (d1 + d2)

L ni mpaka wa chini wa klasi yenye wengi, yaani 60. c ni upana, 10. d1 ni idadi ya klasi hiyo ukitoa idadi ya klasi iliyotangulia: 30 − 14 = 16. d2 ni idadi hiyo hiyo ukitoa ya klasi inayofuata: 30 − 24 = 6. Basi 60 + 10 × 16/22 = 67,27. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanaifanya kabla ya kengele. Kosa linalorudi kila mwaka ni mtu kuweka 14 na 24 zenyewe mahali pa tofauti. Nadhani 66,3 yako imetoka huko.

Nguba_Stat (Bukavu)

Katuba, hapana. Ukiweka 14 na 24 mahali pa d1 na d2 unapata 60 + 10 × 14/38, yaani 63,7. Hiyo 66,3 ni fomula nyingine kabisa, na iko katika vitabu: L + c × f2 / (f0 + f2). Hapa f0 ni idadi ya klasi ya nyuma na f2 ya klasi ya mbele: 60 + 10 × 24/38 = 66,3. Wazo lake ni kwamba jirani mzito anaivuta modi upande wake. Jirani wa mbele ana 24, wa nyuma ana 14, basi modi inasogea mbele.

Silabasi ya kaka yake haina kosa la hesabu. Ina dhana nyingine.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Watoto wangu, mnakimbilia desimali mapema mno. Jedwali linasema kitu kimoja tu: samaki 30 wako kati ya 60 na 70. Ndani ya hapo wamekaaje? Jedwali halisemi. Wanaweza kuwa wote 61, wanaweza kuwa wote 69. Msimamizi anayesema 65 amechukua katikati kwa sababu hana sababu ya kuegemea upande wowote. Mimi ningeandika "klasi ya modi ni 60–70, kitovu chake 65" na kuishia hapo. Kila kinachozidi hapo ni dhana, na mtu akiweka dhana aitaje jina.

Katuba_Math (Lubumbashi)

Mzee, kwa heshima yote, sababu ya kuegemea ipo. Klasi ya mbele ina 24 na ya nyuma ina 14. Samaki hawajui mipaka yetu ya klasi, hawaruki ghafla kutoka wachache hadi wengi wanapofika 60 kamili. Kama mbele ya 70 bado ni wengi na nyuma ya 60 ni wachache, kilele lazima kiwe karibu zaidi na 70.

Na fomula haikudondoka kutoka mbinguni. Chora histogramu, yaani mstatili mmoja kwa kila klasi, kimo chake ni idadi yake. Chukua mstatili mrefu, ule wa 60–70. Kutoka pembe yake ya juu kushoto vuta mstari hadi pembe ya juu kushoto ya mstatili unaofuata, yaani kwenye 70, kimo cha 24. Kutoka pembe yake ya juu kulia vuta mstari mwingine hadi pembe ya juu kulia ya mstatili uliotangulia, yaani kwenye 60, kimo cha 14. Mistari inakatana. Shuka wima kutoka hapo hadi chini: unaangukia 67,3.

Kwa nini? Upande wa kushoto kuna kipande cha wima kutoka 14 hadi 30, ambacho ni d1. Upande wa kulia kuna kipande kutoka 24 hadi 30, ambacho ni d2. Pembetatu mbili zinafanana, kanuni ya Thales ya uwiano wa pande inamaliza kazi: umbali kutoka 60 hadi modi, ukigawanywa kwa umbali kutoka modi hadi 70, ni d1/d2, yaani 16 kwa 6. Kila aliyepita shule zetu amekutana na Thales kabla ya kukutana na takwimu.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Thales anathibitisha mistari inakatana wapi. Hathibitishi kwamba samaki wengi wako pale inapokatana.

DadaHimbi (Goma)

Mzee kapiga msumari hapo 😂

Mimi najiandaa na Examen d'État (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), nina swali dogo. Kama klasi mbili zinazofuatana zina idadi sawa, mfano 60–70 ina 30 na 70–80 nayo ina 30, nachukua ipi? Mwalimu wetu alisema modi mbili, 65 na 75. Mwenzangu anasema haiwezekani modi mbili zikae bega kwa bega.

Katuba_Math (Lubumbashi)

Dada, weka kwenye fomula. Ukianza na 60–70: d2 ni 30 − 30 = 0, basi modi ni 60 + 10 × d1/d1 = 70. Ukianza na 70–80: d1 ni 0, basi modi ni 70 + 0 = 70. Njia mbili, jibu moja, na linaangukia mpakani kati yao. Kwenye mtihani andika 70 na uonyeshe hesabu zote mbili, msahihishaji atakuelewa.

Zikiwa tatu zimelingana, ya katikati inakupa 0/0 na fomula inanyamaza. Hapo sema wazi kwamba kilele ni bapa.

Ruashi_Eco (Lubumbashi)

Naona 68 inasemwa kama mtoto wa kambo, ngoja niitetee. Wastani wa jedwali hili: vitovu 45, 55, 65, 75, 85, 95 mara idadi zake, jumla 7100, gawa kwa 100, ni 71. Mediani, yaani urefu unaowagawa samaki nusu kwa nusu: 6 + 14 + 30 = 50, nusu kamili inafika kwenye 70, basi mediani ni 70. Kanuni ya Pearson: modi = 3 × mediani − 2 × wastani = 210 − 142 = 68. Inatumia samaki wote 100. Fomula ya Katuba inatazama klasi tatu tu na kuwatupa samaki 32 waliobaki.

Nguba_Stat (Bukavu)

Ruashi, Karl Pearson ndiye aliyeliingiza neno hili la modi katika takwimu, mwaka 1895, kwa hiyo tunamheshimu. Lakini hiyo ya 3 na 2 haikuthibitishwa kwa kila jedwali. Ni uhusiano ulioonekana kwenye data zenye kilele kimoja na zilizoegemea upande kidogo tu. Data zikiegemea sana, au zikiwa na vilele viwili, inaweza kukutupa mahali pasipo na samaki hata mmoja. Hapa imefika karibu kwa sababu jedwali la huyu kijana ni tulivu. Iweke kama ya kukagulia jibu.

Na nirudi kwenye 66,3, nisije nikaonekana naipigia debe. Ina udhaifu mkubwa: haitazami kimo cha klasi ya modi yenyewe. Weka 300 mahali pa 30, uache majirani 14 na 24. Fomula ya Katuba inakwenda 60 + 10 × 286/562 = 65,1, karibu katikati, na ni haki, maana kwa mnara mrefu namna hiyo tofauti ya majirani si kitu. Ile ya majirani inabaki 66,3 kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mama_Birere (Goma)

Naingia kidogo. Mimi nauzisha viatu Birere. Namba inayotoka sana kwa wanaume ni 41, njo maana naleta mingi ya 41. Hakuna mteja alishakuja kuniomba 41,3. Juu ya nini nyinyi mnatafuta desimali?

DadaHimbi (Goma)

Mama, umewamaliza wote kwa swali moja 😂😂

Katuba_Math (Lubumbashi)

Mama, unafanya sawa kabisa. Viatu vina namba zilizohesabika: 40, 41, 42. Modi yake inasomwa moja kwa moja kwenye mauzo, haihitaji fomula. Fomula ni ya vitu vinavyopimwa, kama urefu, uzito na muda, tena vikiwa vimeshafungwa katika makundi na namba za mwanzo hazionekani.

Mama_Birere (Goma)

Sawa. Lakini muuzaji wa jumla haniulizi 41. Anauliza makundi: 36–38, 39–41, 42–44. Mimi najibu 39–41 na anajaza gunia. Ndani yake 39 zinabaki kwangu miezi. Kama ningemwambia wateja wa 42 ni wengi kupita wa 38, angejua ajaze upande wa 41. Jirani anasema kitu.

Katuba_Math (Lubumbashi)

Mzee Kamalondo, msikilize Mama. Amesema katika mistari mitatu kile ninachokisema tangu juu.

Samaki_Kivu (Bukavu)

Nafanya kazi na wavuvi, niruhusuni nirudishe uzi ziwani.

Mwana_Ibanda, kabla ya fomula: ulipimaje? Sambaza wa 69,6 mm ulimwandika 69 au 70? Wengi kwenye uvuvi tunashusha, yaani kila samaki anaandikwa kwenye milimita iliyo chini yake. Ukishusha, klasi yako kweli inaanza 60,0 na kuishia 70,0, na L ni 60. Lakini kama ulikadiria kwa milimita iliyo karibu zaidi, mwenye 59,5 aliandikwa 60, na klasi ya 60 hadi 69 kweli inaanza 59,5. L inakuwa 59,5 na modi 66,8 badala ya 67,3. Nusu milimita imetoka kwenye rula, na hakuna fomula itakayoirudisha. Liandike hilo kwenye sura ya mbinu.

La pili ni wavu. Sambaza, Limnothrissa miodon, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tunamvua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu na wavu unainuliwa kutoka chini. Wadogo wanapita kwenye matundu. Huo mteremko wako wa kushoto, 6 na 14, sehemu yake ni kazi ya matundu. Modi yako ni ya samaki walioshushwa ufukweni. Ukiandika "modi ya sambaza wa ziwa Kivu", mtu wa juri anayejua nyavu atakusimamisha hapo hapo.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: kwa nini mnatafuta modi moja? Watu wa samaki wanatumia vilele vya urefu kusoma vizazi. Petersen wa Denmark alianza kufanya hivyo mwishoni mwa karne ya 19: kila kundi lililozaliwa pamoja linaacha kilele chake, na ukipima tena baada ya miezi unaona kilele kimesogea kulia, ndivyo unavyojua wanakua kwa kasi gani. Mwaka 1967 Bhattacharya akatoa njia ya kutenganisha vilele vilivyopandana. Klasi za 10 mm kwa samaki mdogo hivi ni pana mno. Inawezekana umevifunika vilele viwili chini ya kimoja.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Asante mkubwa. Nilishusha, kwa hiyo L ni 60. Matundu ya wavu sikuyapima ila naweza kurudi ufukweni.

Fundi_Data (Goma)

Kwa nini usirudi kwenye namba mbichi? Unazo. Ziweke kwenye programu uombe modi, mabishano yote yanaisha.

Nguba_Stat (Bukavu)

Hayaishi, Fundi. Ukiipa SPSS, programu ya takwimu, milimita mbichi itakurudishia thamani iliyorudiwa mara nyingi kuliko zote, na zikifungana inaonyesha iliyo ndogo na kuweka maelezo chini ya jedwali. Excel ya Kifaransa ina MODE.SIMPLE inayotoa moja na MODE.MULTIPLE inayozitoa zote. Zote mbili zinahesabu marudio ya thamani moja moja, basi. Halafu kuna mkono wa binadamu: mtu aliyechoka alfajiri anapenda namba zinazoishia na 0 na 5. Samaki wa 69 na wa 71 wote wanakuwa 70, na programu inakuambia modi ni 70 kwa sababu ya uchovu wa aliyepima. Kupanga katika klasi kunaifuta tabia hiyo kwa kiasi, njo maana tunapanga hata pale tulipo na namba zote.

Ruashi_Eco (Lubumbashi)

Kabla hatujahama, niongeze hatari ambayo hakuna aliyeitaja: klasi zisizo na upana sawa. Huku kwetu ndipo wanafunzi wa ekonomia wanapoanguka. Chukua mfano wa zoezi, mapato ya siku, kwa faranga za Kongo (FC), ya wauzaji wadogo sokoni Kenya (komine ya Kenya ya Lubumbashi, watu wa Nairobi msikimbilie):

0–2000 FC: 18
2000–5000 FC: 24
5000–10000 FC: 30
10000–20000 FC: 20

Mwanafunzi anaona 30, anashika 5000–10000, anaweka kwenye fomula: 5000 + 5000 × 6/16 = 6875 FC. Anaandika kwamba muuzaji wa kawaida anaingiza karibu 7000 kwa siku. Sasa gawa kila idadi kwa upana wa klasi yake, kwa kila 1000 FC: 18/2 = 9, 24/3 = 8, 30/5 = 6, 20/10 = 2. Klasi yenye msongamano mkubwa ni ya kwanza! Klasi ya 5000–10000 ilionekana nzito kwa kuwa ni pana. Kwa msongamano, d1 = 9 − 0, d2 = 9 − 8, modi = 0 + 2000 × 9/10 = 1800 FC. Kutoka 6875 hadi 1800. Mtu akipanga msaada au kodi kwa namba ya kwanza, anaumiza watu wa kweli.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Hapo Ruashi umenifurahisha. Ila hiyo 0 uliyoiweka kama jirani wa kushoto siikubali. Hakuna klasi chini ya sifuri, umeibuni ili fomula ipate mguu wa pili. Kwa klasi ya mwanzoni kabisa mimi ningeandika "wengi wako chini ya 2000" bila 1800.

Ruashi_Eco (Lubumbashi)

Ndivyo inavyofanywa vitabuni, Mzee: jirani asiyekuwepo anahesabiwa 0. Lakini nakubali kwamba 9/10 inatoka kwenye makubaliano hayo zaidi kuliko kwenye soko.

DadaHimbi (Goma)

Na klasi ya mwisho ikiwa wazi, mfano "20000 na zaidi"?

Katuba_Math (Lubumbashi)

Modi haisumbuki ilimradi klasi iliyo wazi si yenyewe wala jirani yake. Mediani pia haisumbuki mradi isiangukie humo. Wastani ndio unaokwama, kwa kuwa klasi iliyo wazi haina kitovu. Kwenye mtihani wakikupa klasi wazi na kukuuliza kipimo kipi kinafaa, umeshapata njia.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Nimejaribu kitu usiku kabla umeme haujakatika. Nimeunganisha klasi mbili mbili, upana 20.

Nikianza 40: 40–60 ina 20, 60–80 ina 54, 80–100 ina 26. Fomula ya tofauti: 60 + 20 × 34/62 = 71,0. Kitovu: 70.

Nikianza 30: 30–50 ina 6, 50–70 ina 44, 70–90 ina 40, 90–110 ina 10. Fomula: 50 + 20 × 38/42 = 68,1. Kitovu: 60.

Samaki ni wale wale. Msimamizi wangu akinibana na kitovu, naweza kumwonyesha kitovu kimeruka kutoka 60 hadi 70 kwa sababu tu nimehamisha pa kuanzia, wakati fomula imesogea kutoka 68,1 hadi 71,0. Je, hii ni hoja ya kutosha?

Nguba_Stat (Bukavu)

Hii ndiyo hoja bora katika uzi mzima, na imetoka kwa mwenye swali. Ibebe kama ilivyo mbele ya juri. Fomula haiondoi athari ya mipaka uliyochagua, inaipunguza. Ongeza kwamba hata idadi ya klasi ina kanuni zake: ile ya Sturges ya 1926, 1 + 3,322 × logi ya idadi, kwa samaki 100 inatoa 7,6, karibu klasi 8. Wewe una 6.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Mimi naisoma kinyume. Jibu linaloweza kuwa 67,3, 68,1 au 71,0 kwa samaki wale wale halistahili desimali hata moja. Andika "kati ya 65 na 71" uone nani atakupinga.

Katuba_Math (Lubumbashi)

Mzee, na mimi nikuongezee kitu kuhusu ile "dhana itajwe jina". Jina lake ni parabola, mkunjo wenye kilele kimoja kama njia ya jiwe lililorushwa. Chukua vitovu vya klasi tatu, 55, 65 na 75, na vimo 14, 30 na 24. Pitisha parabola moja kwenye nukta hizo tatu. Kilele chake kiko 65 + 10 × (24 − 14) / (2 × (60 − 38)) = 65 + 100/44 = 67,27. Ni ile ile ya Thales, na kwa klasi za upana sawa haijawahi kutofautiana, ukifungua aljebra utaiona.

Kuna zaidi. Ukikataa kupitisha parabola kwenye vitovu na kudai badala yake kwamba eneo chini yake katika kila klasi lilingane na idadi ya samaki, 14, 30 na 24 kamili, parabola inapanda juu kidogo lakini kilele kinabaki wima juu ya 67,27. Basi anayetumia fomula anasema: karibu na kilele, data zinapinda kama parabola. Hiyo ni dhana nyepesi kuliko ya kitovu, inayosema majirani hawana habari yoyote.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Hiyo ya eneo sikuitarajia. Nitaifanya kwa mkono Jumapili.

Samaki_Kivu (Bukavu)

Mwana_Ibanda, tafadhali weka klasi za 5 mm. Nataka kuona upande wa 80–90.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Hizi hapa, bado kwa kila 100:

40–45: 2, 45–50: 4
50–55: 6, 55–60: 8
60–65: 13, 65–70: 17
70–75: 15, 75–80: 9
80–85: 6, 85–90: 10
90–95: 7, 95–100: 3

Samaki_Kivu (Bukavu)

Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Inapanda hadi 17, inashuka hadi 6, inapanda tena 10. Kilele cha kwanza: 65 + 5 × 4/6 = 68,3. Cha pili: 85 + 5 × 4/7 = 87,9. Vizazi viwili. Mnabishana kuhusu 65 na 67 wakati kuna kundi zima la samaki wakubwa lililofichwa na upana wa 10.

Nguba_Stat (Bukavu)

Polepole mkubwa. Tofauti kati ya 6 na 10 ni 4. Kwa idadi ndogo hivi, tofauti ya klasi mbili huyumba kwa bahati tu kwa kiasi cha mzizi (kipeuo cha pili) wa jumla yao: mzizi wa 16, yaani 4. Kilele chako cha pili kina urefu sawa na kuyumba kwa kawaida. Na usinifurahie mapema, Katuba: 17 na 15 zinatofautiana kwa 2, mzizi wa 32 ni karibu 5,7. Hata kusema kwamba kilele kikuu kiko 65–70 na si 70–75, kwa samaki 100 hatuwezi.

Katuba_Math (Lubumbashi)

Amesema kwa kila 100. Idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo?

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Ni kubwa, ndiyo. Zaidi ya mara sita.

Nguba_Stat (Bukavu)

Basi zidisha hata kwa sita: 36 na 60. Tofauti 24, mzizi wa 96 ni 9,8. Sasa kilele cha pili kinaanza kusimama. Kile kikuu, 102 na 90: tofauti 12, mzizi wa 192 karibu 13,9. Hicho bado kinayumba. Leta idadi halisi, si za kugeuzwa.

Samaki_Kivu (Bukavu)

Na tarehe za kupima. Kama ulichanganya samaki wa mwezi wa pili na wa mwezi wa sita kwenye jedwali moja, vilele viwili vinaweza kuwa kizazi kimoja kilichopimwa mara mbili kikiwa kimekua.

DadaHimbi (Goma)

Sasa kwenye TFC anaandika modi ngapi?

Ruashi_Eco (Lubumbashi)

68. Nimekaa pale pale tangu jana 😄 Hata kilele cha Samaki_Kivu ni 68,3.

Katuba_Math (Lubumbashi)

Ruashi, hiyo 68,3 imetoka kwenye fomula yangu kwa klasi za 5. Usivae koti la mwenzio.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Nilipima mwezi wa tatu na wa tano. Nazitenganisha kesho, nitaweka majedwali mawili hapa hapa.